Rilei ya Taa Kubwa

Burulcha hakuniuliza jina wala nilikotoka.
Aliingiza kichwa chini ya usukani,
akavuta hewa kwa pua kama mpishi juu ya sufuria,
akasema, "Hapa pameungua."

Nje, Naryn ilikuwa imeganda mpaka mto wake.
Gereji yenyewe ni kontena lisilowahi kuona bahari,
jiko la makaa katikati, birika juu yake,
na lori langu limeingiza pua tu,
mkia umebaki kwenye theluji.

Nilimweleza: taa zangu zimekuwa macho ya mzee,
zinaona, ila haziendi mbali.
Swichi nayo inachemka, nikiigusa kidole kinaruka.
Na kwenye kona za Dolon, tani nane za makaa mgongoni,
mtu hataki taa inayofikiri kwanza.

Akachomoa kisanduku cheusi,
ukubwa wa sabuni iliyokwisha ogesha watu wawili.
Akakibandua ganda kwa kisu cha mkate.
Ndani: shaba nyembamba kama unywele,
imezungushwa mara zisizohesabika,
ulimi wa chuma, springi,
na nukta mbili zinazotazamana bila kugusana.

"Hiki chako kimekufa. Sikiliza kizima."
Akatwaa kingine, akagusisha nyaya za betri
kwenye miguu themanini na tano, themanini na sita.

Tik.

"Umepita umeme mdogo, robo ya ampea haufiki.
Koili imekuwa sumaku, imeuvuta ulimi, nukta zimebusiana.
Sasa thelathini na themanini na saba ni njia moja,
na hapo ndipo anapopita mkubwa,
ampea kumi na mbili, kutoka betri hadi taa,
waya mnene, njia fupi,
bila kupanda kwanza mpaka kwenye kidole chako."

Akaachia waya. Tik.
"Na sumaku imesahau kuwa ilikuwa sumaku."

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Mimi nilikuwa nikikitazama kidole changu,
cheusi kwa makaa, kucha imepasuka,
nikawaza kwamba hiki kimoja, kikijua pa kubonyeza,
kinaamsha mlima.

"Haya, niambie," akasema,
akivuta kutoka gizani waya mwekundu
uliofungwa kwa utepe, ukafungwa tena kwa mfuko wa nailoni,
"nani aliirukia rilei na hii takataka?"

Nikatazama birika.

Mvuke ulitoka. Burulcha alingoja.
Ni mimi, nikasema. Vuli iliyopita, usiku, njiani.
Taa zilizimika, nikaunga nilichokuwa nacho,
zikawaka, nikajiona fundi.

Hakucheka. Alikata waya ule vipande vitatu,
kana kwamba kimoja kingeweza kurudi.
"Umemtwika mpiga simu gunia la mchukuzi.
Waya mwembamba, mrefu, unakula umeme njiani,
taa zinaletewa makombo.
Swichi hii iliumbwa kuita. Si kubeba."

Nilimkumbuka baba yangu, bila kutaka.
Kila gunia alilibeba mwenyewe,
vijana wanne wamesimama pembeni,
kwani kwake anayeagiza ni mvivu.
Alikufa amepinda kama ndoana.

Alinitoza bei ya mikate minne,
na swichi mpya juu yake. Chai hakuitoza.

Nilipanda Dolon saa tatu usiku.
Kona ya kwanza sikuwasha taa kubwa, sijui kwa nini,
pengine niliogopa kusikia kimya.
Ya pili nikabonyeza.

Mahali fulani chini ya dashibodi, tik,
sauti ya mtu anayeweka kijiko kwenye sahani,
na theluji yote ikasimama, nyeupe,
nguzo baada ya nguzo mpaka kwenye genge.

Kidole changu kilibaki baridi.